Risasi Sita za Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani huniingia bila kubisha hodi. Juzi fundi mmoja mtaani kwetu alifungua kichupa chake, akadondosha tone moja tu, na mimi, mwanamke ninayeikaribia hamsini, mwenye shahada mbili na miwani nisiyojua nimeiweka wapi, nikaishika meza yake kwa mikono miwili kama mtoto anayengoja kuitwa ofisini kwa mwalimu. Fundi akaniuliza, "Mama, vipi, hujala?" Nikamwambia ni joto. Ningeanzaje kumweleza kwamba nimekumbuka bastola?

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa miezi mitano tangu mimi na mama tutoke Unguja kumfuata baba Jeddah. Tuliishi mtaa wa Ruwais, chumba kimoja nyuma ya duka lake la kutengeneza cherehani. Nasema duka lake, lakini kwa karatasi lilikuwa la kafili wetu, yaani mdhamini wetu, Ammi Fahad, aliyekaa Riyadh na kuja kutuona mara moja kwa mwezi. Mwezi ule alikuja na kitu alichokifunga kwenye kitambaa cha kichwani. Alipokifungua juu ya meza ya baba, mama alinivuta nyuma ya pazia. Kwa hiyo nilitazama kupitia tundu la pazia.

Ilikuwa bastola ndogo, ya kufunikwa na kiganja, ya marehemu baba yake Ammi Fahad. Kaka yake mkubwa aliicheka miaka yote kwamba ni mchezo wa watoto. Sasa Ammi Fahad alikuwa anaoza mwanawe, na ameapa kwamba siku ya harusi ataipiga hewani mbele ya ukoo mzima, na haitakwama.

"Mimi fundi wa cherehani, ammi," baba alisema.

"Cherehani ina sindano. Hii nayo ina sindano. Yalla." Kisha akagonga mfuko wa kanzu, zilimokuwa fomu za ikama zetu, vibali vya kuishi kule, vilivyobakiza wiki chache kwisha. "Harusi kwanza, karatasi baadaye."

Basi baba akawa fundi wa bastola. Aliifanyia kazi mchana, duka likiwa limefungwa kwa mapumziko, na mama akiendesha cherehani isiyo na kitambaa ili majirani wasisikie ile "ta, ta" ya chuma. Mpaka leo sijasikia cherehani ikishona hewa kwa bidii namna ile. Baba alitoa mafuta yaliyoganda kama ulimbo, akabadilisha springi iliyochoka. Risasi zake zilikuwa ndogo, kama kokwa za tende, na baruti ya kuwashia ilikaa ukingoni mwa kitako; kile kisindano kisipogonga ukingo sawasawa, kimya.

Ijumaa moja wakaenda kuijaribu jangwani. Baba alirudi rangi imemtoka. Nilimsikia akimnong'oneza mama: risasi nne, moja imelia, mbili kimya, na moja imengoja. Ammi Fahad alivuta, ikanyamaza, akaishusha chini, ndipo ikalia na kuchimba mchanga kando ya kiatu chake. Ammi Fahad alicheka. Zilibaki risasi sita, za siku ya harusi.

"Nimwambie nini?" baba aliuliza.

"Mwambie haifai."

"Nimemwambia. Kasema yalla."

Mimi nikaonywa kwamba sijaona kitu, na nikiulizwa niseme mafi, yaani hakuna. Neno hilo lilikuwa likinichekesha tangu nifike, kwa sababu mtoto yeyote wa Unguja anajua linafanana na nini. Wiki ile halikunichekesha. Nilikwenda shule nikitembea kama niliyebeba yai mdomoni.

Shuleni penseli tuliiita marsam, kama wenyeji. Lakini siku ya mtihani wa hesabu abla wetu, mwalimu wa kike, alikuwa mgonjwa, akaja abla mwingine, Mmisri, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alipita kila dawati akikagua. Akasimama kwangu.

"Wewe, iko wapi rasas yako?"

Rasas. Risasi. Nilijua mara moja kwamba tumekwisha. Lile neno la mafi likanikimbia, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Si zangu, abla. Ni za baba. Anazo sita tu."

Abla akashika kiuno. "Baba yako ana rasas sita, na wewe amekuleta mtihanini mikono mitupu?" Akaandika kikaratasi, akakikunja, akanipa nipeleke nyumbani.

Baba alikisoma amesimama mlangoni. Kilisema ampe bintiye rasas moja, kwa kuwa anazo sita na mtoto hana hata moja. Alikisoma mara mbili. Hakunipiga, hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliificha bastola ndani ya kichwa cha cherehani mbovu, akakitia kikaratasi mfukoni, akapanda basi la Riyadh.

Alirudi siku ya tatu. Kumbe hakwenda kumwona Ammi Fahad faragha. Alisubiri mtaa wa Batha mpaka jioni, ndugu wote wakusanyike kwa kahawa nyumbani kwa yule kaka mkubwa wa Ammi Fahad, ndipo akaingia akitetemeka na kikaratasi mkononi, akasema shule imegundua risasi. Kaka mkubwa akakisoma kwa sauti. Wakamcheka mpaka mmoja akamwaga kahawa: mzee mzima hajui kwamba rasas ya Mmisri ni penseli! Na katikati ya kicheko yule kaka akauliza, ni risasi zipi hizo sita. Baba akaeleza yote, mpaka ile iliyongoja.

"Ilingoja?" kaka akauliza. Kicheko kikaisha. "Na harusini kuna watoto." Akamgeukia mdogo wake. "Halas, basi."

Bastola ilichukuliwa wiki ile ile, na ikama zikatoka. Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kwenye karamu kama kichekesho cha familia ya washamba, baba akiwa mshamba mkuu na mimi wa pili.

Mpaka siku moja chuo kikuu, nikijiona bingwa wa lugha, nikifunua kamusi kuukuu ya Kiswahili kutafuta neno jingine kabisa, nikakuta kwamba penseli, zamani, iliitwa kalamu ya risasi. Hicho ni Kiswahili cha kina baba. Kwao Unguja hawakuwa na jina jingine la kitu hicho walipokuwa watoto.

Baba alikuwa ameshafariki. Nilimpigia mama simu, nikamuuliza kama baba alijua. Akasema, "Hamnazo alijitia, mwanangu. Kutetemeka hakujitia."