Buji Nne Katika Sufuria ya Harusi

Mpaka leo kuna watu hapa Butembo ambao wakinikuta njiani hawanisalimii kama wanavyosalimia wengine, wanauliza kwanza, "Papa Muhindo, leo kumepikwa nini?", halafu wanacheka mpaka wanashika magoti, na wana haki. Nimejaribu kunyamaza, nimejaribu kukasirika, nimejaribu hata kubadilisha njia ya kwenda sokoni, na hakuna lililosaidia, kwa hiyo heri niisimulie aibu yangu mwenyewe na kwa mpangilio wake, maana wengine wanaisimulia vibaya na kuongeza chumvi (si kweli kwamba kuna mtu aliyevunjika jino).

Ilikuwa miaka ya vita, wakati askari walipokuwa wakibadilika kama misimu, na kila kundi lililokuja lilikuwa na ugonjwa uleule wa kupenda magari ya watu. Walichukua motokari jioni "kwa muda kidogo", na ulipoiona tena ilikuwa imelala kando ya barabara ya Beni bila magurudumu. Ndiyo maana kila mwenye motokari alikuwa na desturi ya kutoa kitu kwenye motere, yaani injini, kabla ya giza na kulala nacho, ili askari wakija wasukume mpaka wachoke. Wengi walitoa kile kidude kidogo cha ndani ya kisambaza umeme, wakakitia mfukoni, basi. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa msomaji wa vitabu.

Mimi ni mwuza misumari na vioo vya taa, na shule niliiacha mapema, lakini saa, redio na pampu ya maji nilijifunza kuzitengeneza peke yangu kwa vitabu vya Kifaransa vilivyochanika majalada. Basi motokari yangu ilipoanza kukohoa kwenye milima, nikaipeleka kwa Patron Kakule, mwenye garaji kubwa ya barabara kuu, mtu wa miwani myeusi hata siku ya mvua. Akafungua boneti kwa vidole viwili, akatazama kidogo, akasema buji zimekufa zote nne (buji ndizo zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya motere), na kwamba kwa buji mpya pamoja na kazi ya mkono atataka pesa ambayo siku zile ilinunua mbuzi wawili wazima.

"Mbuzi wawili kwa kufungua na kufunga?" nikamwuliza.

"Njo bei ya vita, Papa Muhindo. Ukiona ni mingi, fanya mwenyewe. Vitabu si biko kwako?"

Vijana wake wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoniponza. Nikaenda sokoni, nikanunua buji nne kwa mfanyabiashara anayezitoa Uganda, nikaazima ufunguo wa buji, na Jumamosi nzima nikafanya kazi ambayo garaji ingeimaliza kabla ya mtu kumaliza chupa ya soda. Nilichubua vidole, nikaangusha ufunguo ndani ya tumbo la motere nikauvua kwa waya, na buji ya tatu ikaingia kombo nusura iharibu hesi ya tundu lake, nikaitoa jasho likinidondoka. Lakini jioni motokari ikawaka, ikanguruma vizuri, na kwa gharama isiyofika hata nusu mbuzi. Nikapita mbele ya garaji ya Kakule mara mbili bila sababu yoyote.

Baada ya hapo sikutaka tena kutoa kidude cha mfukoni kama watu wengine. Buji zilikuwa mpya, zilikuwa jasho langu, na niliogopa askari wataziiba hata wakiiacha motokari. Kwa hiyo kila jioni nikawa nafungua buji zote nne. Kitabu kilisema kila buji irudi kwenye tundu lake, basi nikaifunga kila moja kwa kitambaa cheusi na uzi mwekundu, fundo moja kwa tundu la kwanza, mafundo mawili kwa la pili, hivyo hivyo mpaka manne. Kitabu kilisema pia chuma kihifadhiwe katika mafuta kisishike kutu. Huku kwetu baridi huyagandisha mawese yakawa kama sabuni, na mke wangu alikuwa na ndoo ya mawese yenye kifuniko jikoni. Nikazizamisha humo, nikasawazisha juu kwa kijiko. Mke wangu sikumwambia, kwa sababu askari huanza kuwauliza wanawake, na asiyejua hawezi kusema. (Niliona hilo ni jambo la busara sana. Niliona yote ni mambo ya busara.)

Sasa Kavira, mtoto wa dada yangu, alikuwa anaolewa na kijana wa Beni, wa mtaa wa Beu. Watu wa bwana arusi walikuwa waje asubuhi na pikapu yao, wale chakula nyumbani kwa shemeji yangu Kasereka, baba ya msichana, halafu mimi mjomba nimpeleke bibi arusi Beni siku ileile, maana misa ilikuwa kesho yake na bariere ya barabarani, kizuizi cha askari, ilifungwa kabla ya jioni. Kwa hali ya siku zile, harusi iliyoahirishwa ilikuwa harusi iliyokufa. Hakuna aliyejua juma lijalo barabara itakuwa ya nani. Usiku wa kuamkia siku hiyo motokari nikailaza uani kwa Kasereka, imeoshwa na kufungwa maua, buji nikarudi nazo nyumbani, nikazizamisha mahali pake.

Asubuhi nikavaa suti, nikaingia jikoni, ndoo hakuna.

Mke wangu alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kupika na wenzake. Nilikimbia mteremko wote na kupanda mlima wote nikiwa na ufunguo wa buji mfukoni unanigonga paja, nikafika kwa Kasereka wageni wa Beni wakiwa wamekwisha kukaa kwenye viti. Nikawapita bila salamu (hilo nalo lilihesabiwa baadaye), nikaenda moja kwa moja motoni kwa wanawake.

"Mama Muhindo, yale mafuta ya ndoo iko wapi?"

"Imeingia yote mu maharagwe. Harusi ni ya kwetu, nilete mafuta nusu?"

"Mule mulikuwa na buji."

"Buji ya nini?"

"Ya motokari."

Akaacha kukoroga. "Papa Muhindo, uliweka motokari mu mafuta yangu?"

Ningemwachia yeye kazi ya kutafuta, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa na haraka, nikamnyang'anya mwiko, nikainama juu ya sufuria kubwa na suti yangu, nikaanza kukoroga chinichini mpaka nikasikia chuma kikigonga. Nikainua kifurushi cheusi kinachotoa mvuke, kimefungwa uzi mwekundu, fundo moja. Na hapohapo, kwa kuwa ndugu wa bwana arusi huwa na desturi ya kumtuma mwanamke mmoja akaangalie jiko, nyuma yangu alikuwa amesimama Tantine Kahindo, shangazi ya bwana arusi, mwanamke mpana mwenye sauti ya mwalimu wa shule.

"Weye mwanaume, unatia nini mu sufuria?"

"Sitii, Tantine. Natoa."

"Unachotoa, ni nani aliyekitia?"

"Ni mimi, mais..."

Hakungoja hiyo "mais", ile "lakini" ya Kifaransa. Akageukia uani, akapaaza sauti: "Batu ya Beni, musiguse kitu! Banatupikia karuho!"

Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo kwetu watu wanaiogopa kuliko risasi, na neno hilo likisemwa penye chakula hakuna anayebaki kwenye kiti. Sufuria ikamwagwa yote juu ya majani ya mgomba mbele ya macho ya kila mtu, maharagwe yakatandazwa kwa miiko, vikaonekana vifurushi vingine: mafundo mawili, mafundo matatu, mafundo manne. Nikavifungua ili waone, nikaona ndiyo nimeongeza ubaya, kwa sababu ndani mlitoka chuma cheusi na kitu cheupe kama mfupa (ndiyo kauri ya buji).

"Shemeji," Kasereka akaniambia kwa sauti ndogo, "niambie mtoto wangu hajaharibiwa."

Nikaeleza. Nilieleza kwa utaratibu, kuanzia askari, kupitia kutu, mpaka hesabu ya matundu ya motere. Mzee mmoja wa Beni akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na uzi mwekundu?"

"Mwekundu unaonekana vizuri."

"Hata mufumu, mganga wa kwetu, anasema vile."

Tantine Kahindo akanyoosha mkono kwenye motokari yenye maua. "Kama ni ya motokari, ingiza. Washa. Tuone."

Nikaingiza, mbele ya familia mbili, mikono ikiteleza kwa mawese. Nikazungusha ufunguo. Kwe-kwe-kwe-kwe, kisha kimya. Nikarudia, kwe-kwe, kimya. Bila shaka, buji iliyopikwa katika mafuta haitoi cheche, hilo nililijua vizuri kabisa, lakini jaribu kulieleza kwa watu waliokwisha kubeba viti vyao kwenye pikapu. Njia pekee ilikuwa kuyachoma yale mafuta yaishe. Basi nikazitoa tena zote, nikachutama kando ya mbabula, jiko la mkaa, katika suti ya harusi, nikawa nazigeuza motoni kwa koleo la jikoni, zinatoa moshi mweusi, na mimi, nikihesabu tundu la kwanza, la pili, la tatu ili nisizichanganye, nilikuwa natikisa midomo.

"Muangalie," nikasikia mtu akisema, "sasa anaziombea."

Nikazirudisha kwenye matundu yake, nikazungusha ufunguo, ikawaka. Ikawaka na kutoa moshi mzito wenye harufu ya maandazi, watoto wakapiga kelele, na nilifikiri nimeokoka. Tantine Kahindo akazunguka motokari yote, akarudi.

"Sawa. Ni ya motokari. Mais nani atakula hii maharagwe?"

Sikuwa na namna. Nikaletewa kiti katikati ya ua, na sahani iliyojaa, nikala. Sitaieleza ladha yake. Nilipomaliza hakuna aliyesogea. Walikuwa wananitazama kuona kama nitaanguka. Nikasema nimemaliza, twende. Tantine akasema tungoje. Nikamwambia karuho, hata ingekuwemo, inaua kwa miezi, je, tungoje miezi? Akasema hiyo ndiyo inamfanya aogope, kwamba nazijua siku zake. Jua likapita utosi, likaanza kuteremka, na mimi nimekaa kitini kama picha, na harusi ya mtoto wa dada yangu inaoza mbele yangu kwa ajili ya mbuzi wawili nilioona ni wengi.

Ndipo Kavira mwenyewe akatoka ndani na gauni lake jeupe amelishika mkononi lisiguse matope. Akachota maharagwe, akachuchumaa karibu yangu, akala mwiko mmoja, wa pili, wa tatu, anatafuna huku akimtazama shangazi ya mume wake.

"Tantine, bariere inafungwa. Kama ni kufa, tukafie kwetu Beni."

Tantine Kahindo akasimama hivyo, mikono kiunoni.

"Umesema kwetu?"

"Kwetu, Tantine."

Yule mwanamke akamwendea, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe, akamnyang'anya mwiko, akala yeye pia, kidogo, kwa uso wa mtu anayemeza kidonge kichungu cha kinini. "Mubaya," akasema. "Mubaya sana. Mais ni chakula. Viti bishuke kwenye pikapu, batu bakule haraka, twende."

Tulikwenda. Alikataa kupanda pikapu, alikaa mbele, ubavuni mwangu, amegeuza uso wake wote kunitazama, na katika kila mlima kati ya Butembo na Beni aliniuliza, "Uko muzima?" nami nikajibu, "Niko, Tantine." Kavira nyuma alikuwa anacheka ndani ya shela yake. Kwenye bariere askari walinusa motokari wakauliza tumebeba chakula gani, na kwa mara ya kwanza siku ile mimi na Tantine tulikubaliana jambo: tulinyamaza wote wawili.

Tulifika Beu bado kuna mwanga. Wanawake walikuwa wanaimba mlangoni, Kavira akashuka akapokelewa, na Tantine Kahindo naye akashuka polepole, akainama dirishani kwangu.

"Sasa, mukwe, hata ukifa haina neno. Bibi amefika."

Sikufa. Nilitozwa mbuzi mmoja wa kusafisha jina la sufuria, nikamnunulia mke wangu ndoo mpya na mawese yake, na suti ile haikutoka madoa. Siku hizi motokari ikikohoa naipeleka kwa Kakule, anafungua boneti kwa vidole viwili, ananitajia bei isiyo na haya, nami nalipa palepale, nashukuru, na najizuia kuuliza swali lolote. Jikoni kwa mke wangu naingia nikiitwa kula tu, na hata hapo nakoroga kwanza.