Siku kiwiko cha mkalimani wa viziwi kilipopigwa picha

Saa tatu asubuhi, chumba cha kliniki ya watoto kimejaa vilio. Muuguzi ameshika chupa ya dawa ya maji na anaeleza haraka haraka: nusu kijiko asubuhi, nusu jioni, chupa itikiswe kwanza.

Mbele yake wamekaa mume na mke, wote viziwi, mtoto wao amelala begani kwa baba. Hawamtazami muuguzi. Macho yao yako kwa mwanamke aliyesimama kando yake, mwenye blauzi nyeusi isiyo na ua hata moja ili mikono yake ionekane vizuri.

Mke anauliza jambo kwa vidole.

"Anauliza, akiitapika je?" mkalimani anatafsiri. "Ampe tena au asubiri?"

Muuguzi anajibu, mikono ya mkalimani inaruka, baba anaitikia kwa kichwa. Wanapotoka, mkalimani anaunyoosha mkono wake wa kulia taratibu, anaukunja, anaunyoosha tena.

"Asubuhi bado unakaza kidogo," anasema. "Lakini unaongea."

Hapo kliniki wanamwita Mama Mikono. Ni mkalimani wa lugha ya alama, na lugha hiyo hakujifunzia darasani. Mama yake mzazi ni kiziwi tangu kuzaliwa, naye ndiye mtoto wake pekee. Alianza kumtafsiria mama sokoni na kwa majirani kabla hajaota meno ya ukubwa. Siku hizi analipwa kwa kila kazi anayoitwa. Asipoitwa, au asipoweza kwenda, hakuna kitu.

Miezi michache iliyopita, nusura mikono hiyo ikate kauli.

Alikuwa akikimbilia chumba cha daktari, korido imetoka kupigwa deki. Mguu ukateleza. Akatanguliza mkono wa kulia kujikinga, akatua nao.

"Nilisikia kitu kimegonga ndani ya kiwiko," anakumbuka. "Nikainuka, nikacheka, nikasema sijaumia. Unajua tena aibu ya kuanguka mbele za watu. Nikamalizia kazi huku jasho linanitiririka."

Nyumbani alikusudia kunyamaza, akande na maji ya moto, alale. Ila mama yake hadanganyiki kirahisi. Akamtazama binti yake anavyosimulia habari za siku, akamshika bega.

"Unaongea kama mtu aliyejaza chakula mdomoni," alimwambia kwa alama. "Mkono una nini?"

Kiwiko kilikuwa kimevimba, hakinyooki. Mama Mikono anakiri kwamba usiku ule hakulala vizuri. Alimkumbuka fundi cherehani wa mtaani kwao, aliyeumia kiwiko, akakichuachua wiki nzima, na alipofika hospitali mfupa ulikuwa umeshaunga vibaya. Mkono wake haujanyooka hadi leo.

"Fundi cherehani mkono ukikataa kunyooka bado anaongea na watu wake," anasema. "Mimi nitaongeaje na mama?"

Asubuhi walikwenda hospitali pamoja, na daktari akaagiza apigwe eksirei. Kwenye benchi la kusubiri, mama aliuliza maswali mfululizo. Wanakata? Wanachoma sindano? Binti akajibu kwa mkono wa kushoto peke yake, maneno nusu nusu, hadi mama akamtania kwamba amerudi kuwa mtoto wa mwaka mmoja.

Tunazungumza nyumbani kwao, na hapa mama anadakia kwa mikono. Mkalimani anamtafsiri neno kwa neno: "'Alikuwa anatetemeka. Huyu ni mwoga tangu utotoni.'" Kisha anaongeza kwa sauti ya chini: "Hilo la mwisho si kweli."

Chumba cha eksirei kilikuwa na baridi na mwanga hafifu. Mpiga picha, kijana mpole mwenye miwani, alimwomba akunje mkono wa blauzi, avue bangili na saa, kwani chuma huharibu picha. Akamuuliza kama ana ujauzito.

"Nikamwambia, baba, mimi nina mjukuu. Akasema ni lazima amuulize kila mwanamke. Nikacheka, na kile kicheko kilinisaidia."

Akamfunika mapajani na tumboni kwa aproni nzito yenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi, akamkalisha ubavu wake ukiwa karibu na meza, na kuulaza mkono juu yake, kiganja kikitazama dari. Hapo ndipo palipouma. Kiwiko kiligoma kunyooka.

"Usilazimishe," mpiga picha akamwambia. "Fikisha pale unapoweza, hapo hapo ndipo tutakapopiga."

Akauegemeza mkono kwa kipande cha sponji, akaingia nyuma ya kioo. "Tulia, usijitikise." Kikasikika kimlio kidogo. Akarudi, akamsaidia kuukunja mkono, dole gumba juu, akapiga ya pembeni. Halafu ya tatu, mkono ukiwa umeinamishwa kidogo upande. Basi.

"Nilidhani mashine itaunguza, au itabana. Hata kuguswa haikunigusa. Kilichouma ni kuuweka mkono tu."

Akamuuliza kijana kama amevunjika. Akajibiwa kwamba daktari ndiye atakayesoma picha.

"Mimi kazi yangu ni kusoma nyuso," anasema. "Uso wa yule kijana haukuandikwa kitu!"

Daktari aliiweka picha kwenye skrini, akaisogelea. Ulikuwepo ufa, alisema, mwembamba kama unywele, kwenye mfupa karibu na kiwiko. Lakini mfupa haujahama. Hakuna upasuaji, hakuna plasta. Mkono uning'inizwe shingoni siku chache, kisha uanze kukunjwa na kunyooshwa mapema ili usikaze.

Mama Mikono akaangua kilio.

Mama yake, ambaye hakuwa amesikia neno, aliyaona machozi tu. Akasimama ghafla, akamshika daktari mkono, akawa anamwonyesha mkono wake mwenyewe, kama anayesema chukueni huu. Binti alilazimika kumvuta kwa nguvu, akamweleza kwa ule mkono wa kushoto: umepasuka kidogo, utapona, nitaongea.

Mama akakaa. Akajifuta uso kwa upande wa kanga, kisha akaanza kugomba kwa mikono yote miwili.

"'Sasa unalia nini? Unataka kuniua?'" Mama Mikono anatafsiri, na safari hii wote wawili wanacheka.

Baada ya wiki kadhaa za mazoezi amerudi kazini. Ila jambo moja halikumtoka akilini. Pale mezani, alipoambiwa atulie, sauti ilitoka nyuma yake. Je, angekuwa ni mama yake amekaa pale, angejuaje?

Aliporudi kuangaliwa, alimuuliza mpiga picha. Kijana akakiri kwamba huwa wanabahatisha. Viziwi wengine hugeuka kumtafuta, picha inaharibika, inarudiwa. Mama Mikono akamwomba mkuu wa idara ampe alasiri moja awafundishe alama chache: tulia, kunja, inauma, tumemaliza. Akakubaliwa.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa kijana yule wa miwani. Mgonjwa wa kujifunzia alikuwa mama, mashine ikiwa imezimwa, kiti kikigeuzwa kitazame kioo. Kijana akainua mikono, akaonyesha alama yake kwa uso wa kazi kweli kweli. Mama akacheka hadi akashika mbavu.

"Alitaka kusema tulia," Mama Mikono anaeleza. "Akasema nyamaza. Kamnyamazisha kiziwi!"

Alirudia, akapatia. Mama akatulia kama picha.

Sasa mipango yake ni kuzifikia hospitali nyingine, chumba kimoja baada ya kingine.

"Nataka kiziwi aingie pale peke yake, aelewe, atoke na picha yake bila kuniita mimi," anasema. "Nitakuwa nimejinyima kazi, najua. Siku hiyo nitashangilia kwa mikono yote miwili."