Mpishi Aliyemwita Mume Wangu "Mume Wangu"

Sitaki uniamini kwa sababu nimeapa. Niamini kwa sababu mimi ni mtu wa Chikongola, nauza supu ya pweza na chapati sokoni, watu wananijua, na mwanamke anayejulikana hajitangazii aibu ya ndoa yake bure. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani, si rafiki wa rafiki. Na yalinipata mchana kweupe, jua likiwa utosini. Wewe unayedhani mambo haya yana saa zake, mpaka bundi alie kwanza, sahau.

Mume wangu, nimwite Baba Shadia kama ninavyomwita nyumbani, ni dereva. Wakati ule alikuwa anasambaza soda kwa pikapu ya tajiri wake kwenye maduka ya vijijini, kutoka mjini kupita Madimba mpaka Msimbati, na siku nyingine mpaka Mahurunga na Kilambo, jirani na Mto Ruvuma. Dereva wa namna hiyo hali nyumbani mchana. Basi akawa bingwa wa kujua wapi panaliwa vizuri. Ukimuuliza, atakwambia pweza wa kuchoma kamle Mikindani. Samaki wa kukaanga, nenda Feri wakati mashua zinashusha. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, usinunue mjini. Subiri ufike Mpapura, wanakochemsha iliyochimbwa asubuhi ile ile. Wageni kutoka Dar walikuwa wanampigia simu kumuuliza wale wapi. Mimi nilikuwa najivunia, kwa sababu kila akimaliza kuwaelekeza alikuwa anaongeza, "Lakini supu, ni kwa Mama Shadia tu."

Halafu akaacha kuongeza.

Akaanza kutaja mahali pamoja tu. "Ukishapita Msimbati," aliniambia siku moja huku nampakulia, "kuna njia ya mchanga inashuka kwenye mikoko. Kuna mtu pale anapika kamba kwa tui la korosho. Mama Shadia, wewe hujala."

Hujala! Mimi ninayelisha nusu ya soko, naambiwa sijala, tena na mtu aliyeshika kijiko changu. Nikamuuliza, nani huyo? Akacheka, akasema jina lake hata halijui. "Ananiita mume wangu," akasema, kisha akainamia sahani yake na kuanza kuusogeza wali huku na huku bila kuula.

Sina haya ya kusema: nilishikwa na wivu. Wivu wa mke na wivu wa mpishi kwa pamoja, na mpaka leo sijui upi uliniuma zaidi. Nilianza kunusa mashati yake. Hayakuwa na manukato, afadhali yangekuwa nayo, manukato ningeyajua dawa yake. Yalinuka nazi, moshi wa kuni za mikoko, na kitu kitamu nyuma yake ambacho sikukitambua. Mimi, nisitambue kiungo! Nikapika kamba kwa tui la korosho mara kadhaa. Anakula, anasema asante, basi. Wewe mwanamke unayenisikiliza, unaijua asante ya namna hiyo?

Nikamwambia nataka kwenda naye. Nilitegemea akatae, ili nipate pa kuanzia ugomvi. Akasema, "Twende ukamwone." Siku hiyo nilifunga biashara, nikavaa dera jipya, nikapaka wanja, nikapanda mbele ya pikapu na soda zikigongana huko nyuma. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Mengine siwezi kuyarudia hapa.

Tukafika. Banda la makuti, jamvi limetandikwa, mafiga matatu na chungu juu yake. Hapakuwa na mteja mwingine, wala kuku, wala nguo iliyoanikwa. Hayo niliyaona kwa macho lakini sikuyafikiria, maana akili yangu yote ilikuwa mlangoni. Akatoka.

Ajuza! Bibi kizee wa Kimakonde, mgongo umepinda, mdomo wa juu una lile tundu la ndonya walilokuwa wanatoga wazee wa zamani, kinywani hana meno. Amejifunga kanga ya kijani yenye matone meupe, na mkononi ana kovu refu la kuungua. Wallahi nilikaribia kulia kwa furaha. Kumbe bibi! Unajua mila zetu: bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na mke wa mjukuu ndiye mke mwenza wake. Hugombana naye kwa maneno, huibiana mume kwa maneno, watu wote wakacheka. Kumbe Baba Shadia alikuwa ananichezea tu, na mimi nimenusa mashati bure.

"Shikamoo bibi," nikasema, nikapiga goti kwa adabu.

"Marahaba, mke mwenzangu," akajibu. "Nilikuwa nakungoja."

Baba Shadia yeye alisema, "Habari za hapa?" Nikamfinya. Mtu mzima anasalimia ajuza habari za hapa, kama vile wako kijiweni? Akanitazama kwa mshangao, akatazama chini. Nikajua ni aibu, kwa kuwa utani wake umegundulika.

Tukanawa, tukala. Nitasema ukweli ingawa unanichoma: sijawahi kula chakula kile. Wali ulikuwa umechambuka punje kwa punje na bado una mafuta. Kamba walikuwa wamelainika ndani ya tui zito la korosho, na kile kiungo kilikuwemo, kinapita ulimini na kuondoka kabla sijakishika. Bibi alikuwa anamtolea Baba Shadia maganda ya kamba kwa vidole vyake, anamsogezea, na yeye anakula kimya bila kuinua uso. Mimi nilimwonea huruma yule bibi. Nikasema moyoni, labda hana wajukuu.

Tulipomaliza, Baba Shadia akaingiza mkono mfukoni. Bibi akaushika mkono ule. "Mume halipi kwake," akasema.

Na mimi, kwa raha niliyokuwa nayo, kwa shibe, nikajibu kama tunavyojibu sote. Ungekuwa wewe ungejibu vipi? "Basi mchukue kabisa, bibi, nakuachia! Mimi nimeshamchoka, anakoroma."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

"Rudia, masikio yangu mazito."

"Nimekupa, bibi! Ni wako!" Nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Yeye hakucheka. Alisema, "Haya," akakusanya sahani, akaingia ndani ya banda. Hata kutuaga hakutuaga.

Garini Baba Shadia aliendesha mpaka tulipotoka kwenye mchanga. Kisha akasema bila kunitazama, "Kwa nini umemdhihaki mwanamke wa watu?"

"Nimemdhihaki vipi?"

"Unampigia goti, unamwamkia shikamoo, unamwita bibi. Mtu mdogo kwako! Nilijua una wivu, lakini si wa kumtukana mtu nyumbani kwake."

Nikadhani utani unaendelea. Nikamwambia aache masihara, bibi yule hana hata jino. Akasimamisha gari. Akaniambia meno anayo, tena meupe, na ana mwanya. Nikamuuliza amevaa nini. Kanga ya kijani, akasema, ya matone meupe. Mkononi? Kovu la kuungua. Lile tundu la ndonya je? Tundu gani, akaniuliza. Kila kitu tulikubaliana, kasoro mtu mwenyewe. Nilikuwa nimetazamana na kikongwe, na mume wangu, aliyekaa ubavuni kwangu kwenye jamvi hilo hilo, alikuwa anamenyewa kamba na msichana.

Basi fikiria yeye alisikia nini. Alisikia mkewe akimgawa, akiwa na akili timamu, akicheka, kwa mwanamke kijana na mzuri ambaye yeye mwenyewe alikuwa anapambana na nafsi yake asimtamani. Aliniambia hivyo pale pale barabarani. "Sikuwahi kumgusa, Mama Shadia," akasema. "Nilikuleta ili ukimwona niache kuja. Halafu wewe ukanitoa." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia geuza gari.

Aligeuza. Tulikuta jamvi halipo, chungu hakipo, na banda limeanguka upande mmoja, makuti yake yameoza. Kulikuwa na wanawake wawili wanatoka kuokota chaza kwenye mikoko, nikawauliza mama anayepika hapa kaenda wapi. Wakatazamana. Mkubwa wao, mwenye lafudhi ya wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma, akasema, "Hapa nani apike, dada? Maji ya hapa yote chumvi. Atapikia nini?"

Sasa sikiliza yaliyobaki, maana hayajaisha. Baba Shadia hakurudi tena njia ile. Aliomba abadilishiwe, siku hizi anapeleka mizigo Newala, juu huko, mbali na pwani. Analala nyumbani kwetu, anamsomesha Shadia, hajaninyima kitu. Lakini chakula changu hali. Nikipakua anaonja, anasema ameshiba. Mwanzoni niliogopa atakonda. Jamani, ananenepa! Shavu limejaa, ngozi inang'aa, na mimi ndiye nimebaki mifupa. Wenzangu sokoni wananisifia namtunza mume. Nacheka nao, moyo unaniwaka.

Anashiba wapi? Nimemfuata Newala kwa siri, nimemkuta kalala garini adhuhuri, usingizi mzito, mdomo unatafuna. Nimemwamsha, nikamshika vidole. Vina mafuta, vinanuka korosho, na kile kiungo. Akaniapia kwamba hajala tangu asubuhi, na namwamini, na hilo ndilo linaloniua. Mwanamume anayekwenda kwa mwingine kwa miguu unaweza kumzuia mlangoni. Huyu wangu nimzuie wapi?

Nilimwendea sheikh wa mtaani kwetu. Alinisomea, kisha akasema kwa upole kwamba aliyetoa kwa ulimi wake aende akaombe kwa ulimi wake. Nimekwenda. Nimesimama mbele ya lile banda lililooza nikasema, nirudishie, nilikuwa natania. Nimesema kwa heshima, nimesema kwa matusi, nimesema nikiwa nimepiga magoti kwenye matope, nikimwamkia shikamoo. Hakuna aliyeitikia. Nilisikia tu harufu ya wali unaopaliwa mkaa, na nilikuwa na njaa, na niliuchukia mwili wangu kwa kuitamani.

Kwa hiyo wewe unayesafiri pwani yetu, karibu sana. Kula pweza, kula kamba, kula ming'oko, hutajuta. Ila ukikaa kwa mpishi usiyemjua, hasa pale usipomwona mteja mwingine, muulize kwanza mwenzako kwa sauti ndogo anamwona mtu wa umri gani. Na mpishi huyo akimwita mumeo mume wangu, mwambie hapana. Mwambie hapana hata kama ni kikongwe, hata kama watu wote watakuona huna utani, mchoyo, mwanamke wa roho mbaya. Mwambie huyu ni wangu. Sema mara nyingi uwezavyo, maana mimi sasa nasema hivyo kila adhuhuri peke yangu jikoni, na chakula kinapoa.