Neno Lililoandikwa Mara Mbili

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilipangiwa kufundisha shule ya msingi mjini Shinyanga, nikapata chumba mtaa wa Ngokolo kwa bibi mmoja mjane. Mimi ni Msukuma wa kijijini, Kiswahili nilikikuta darasani. Bibi alikuwa Mwislamu wa mjini, na hakuchoka kuniambia kwamba wazee wake wote, wake kwa waume, walitoka Bagamoyo.

Wakati huo kulikuwa na kampeni ya kisomo. Waandikishaji walipopita nyumbani walimwandika Bibi kuwa hajui kusoma, kwa sababu hakuzijua herufi zetu. Aliumia sana. Walipoondoka tu akaingia ndani, akatoka na kitabu cha karatasi za kahawia kilichoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu.

"Kaa hapo, Mwalimu," akaniambia. "Usikie asiyejua kusoma akisoma."

Maneno yalikuwa Kiswahili. Ulikuwa utenzi wa babu yake mzaa mama, aliyekuja bara na msafara akiwa karani, akaandika safari yake yote. Tangu siku hiyo nikawa namsikiliza kila Ijumaa alasiri, madaftari ya wanafunzi yakiwa mapajani.

Katika Ijumaa ya tatu hivi niligundua jambo. Neno lililomaliza ubeti ndilo lililoanza ubeti uliofuata. Ubeti ukiisha kwa "mzigo", unaofuata unaanza "Mzigo". Ukiisha kwa "mvua", unaofuata unaanza "Mvua". Nilifurahi kama mtu aliyeona mshono wa nguo kwa ndani. Nikaanza kubahatisha neno kabla Bibi hajalitamka, naye akawa anacheka.

Kisha siku moja nikakosea. Ubeti uliishia kwa "subira". Nikasema, "Subira." Bibi akasoma, "Njia."

"Bibi, hapo pamekatika."

"Pamekatika nini? Nasoma hivi tangu msichana."

"Kwingine kote neno linajirudia. Hapa tu ndipo halijirudii."

Akafunga kitabu. Siku tatu alinijibu "marahaba" bila kuniangalia. Siku ya nne, nikiwa nafua, akaniita mwenyewe.

Kitabu kilikuwa wazi mkekani. Akanionyesha kwamba chini ya kila ukurasa, pembeni, paliandikwa neno moja peke yake. Siku zote alidhani babu yake alikuwa akipitiwa, akiandika neno la mwisho mara mbili. Sasa alikuwa amelinganisha kurasa zote, moja baada ya nyingine. Neno la chini ndilo lililoanza ukurasa uliofuata, ili karatasi zikichanganyika mtu ajue mpangilio wake. Mahali pamoja tu, chini paliandikwa "subira", na juu ya ukurasa uliofuata palikuwa na "njia".

"Kuna karatasi haipo," akasema polepole. "Nimesoma maisha yangu yote, sikuliona."

Mtu pekee wa kuuliza alikuwa dada yake mkubwa, aliyekuwa Nyasubi, mjini Kahama. Likizo ilipofika tukapanda basi. Dada mtu alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa na habari na utenzi. Bibi alimweleza yote, akimwonyesha mahali palipokosa karatasi. Dada akatafuna tambuu, akafikiri.

"Mwanangu wa kwanza alipokuwa mdogo alishikwa na degedege," akasema. "Mama akamshoneshea hirizi. Fundi alitaka karatasi yenye maandishi, mama akaitoa sandukuni kwake. Mimi nilijua ni karatasi ya Kurani, ya chuoni."

"Hirizi iko wapi?"

"Ninayo. Mwenyewe ana ndevu sasa, yuko Buseresere anauza nguo."

Akaileta. Kipande cha ngozi nyeusi, kidogo kama kiberiti. Alisita kidogo, akasema bismillahi, akakata nyuzi kwa wembe. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi, jasho limeipitia. Bibi aliikunjua kwa kucha, akasoma neno la kwanza.

"Subira."

Sote watatu tukapiga kelele kama watoto.

Akaendelea kusoma. Babu aliugua homa, msafara ukamwacha kijijini njiani. Mwanamke mmoja alikuwa akimletea maji kila asubuhi. Hapo Bibi akaanza kukwama. "Hili silielewi. Kakosea. 'Mhola'? Si neno."

Nikasogea karibu. "Limekaa mahali gani katika ubeti?"

"Mwisho wa mstari. Linafuatana na 'kula' na 'kulala'."

"Basi hakukosea, Bibi, kina kinakubali. Mhola ni Kisukuma. Ndivyo tunavyoulizana habari asubuhi. Mwanamke yule alikuwa anamuuliza babu yako kama kaamka salama."

Bibi akalitazama neno lile tena. Akasoma beti mbili nyingine, sauti ikizidi kushuka. Babu alipopona alimwoa mwanamke yule. Ndiye aliyemzalia binti mmoja, na binti huyo ndiye mama yao hawa wawili. Kisha babu akashika tena "njia".

Niliogopa. Nilijiona nimemvua mtu nguo mbele ya dada yake. Lakini dada alikuwa amejishika kifua, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Ndiyo maana mama akijikwaa alikuwa anasema 'mayu!', kama Wasukuma wanavyomwita mama. Unakumbuka? Sisi tukadhani kaiga kwa majirani."

"Mama hakutuambia," Bibi akasema.

"Hakutuambia. Ila karatasi zote zile sandukuni, kwa nini akachana hii? Kusoma hakujua, lakini babu alikuwa akimsomea. Mimi nadhani alijua hasa anachomvalisha mjukuu wake."

Bibi akaigeuza karatasi huku na huku. Kisha akaniambia, "Mwalimu, litamke tena hilo neno." Nikalitamka. Akalirudia mara mbili, kwa ulimi wa pwani, na mimi sikumsahihisha.

Tulirudi Shinyanga na karatasi ikiwa katikati ya msahafu wake. Jioni zile za likizo tuliinakili, yeye akisoma, mimi nikiandika kwa herufi zetu kwenye daftari la shule. Palipokunjwa, jasho lilikuwa limekula maneno mawili. La kwanza lilikuwa mwanzo wa ubeti, kwa hiyo tulilipata kwa kutazama ubeti uliotangulia unaishia wapi. Lilikuwa "mtungi". La pili lilikuwa katikati ya mstari, pale babu anapotaja jinsi mwanamke yule alivyomwita. Bibi alisema huenda ni "mgeni". Mimi nilisema huenda ni neno la Kisukuma. Tulibishana siku nzima, mwishowe nikaweka nukta tatu.