Wajane na Yatima wa Kompyuta Yangu

Steshenari yangu iko Utemini, imebanana na mashine ya kukamua alizeti, kwa hiyo mchana kutwa mimi na wateja wangu tunaongea kwa kupaza sauti. Kompyuta zangu zinatumia programu huria ya ofisi, ile ambayo anayetaka anaichukua bure na anayeweza anachangia kuitengeneza. Niliiweka kwa Kiswahili. Wateja wengi hawakujali. Mtu akija na kadi ya harusi anaangalia kadi, haangalii menyu.

Aliyejali ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Misigiri. Alikuja kuchapisha nyimbo za kwaya ya akina mama wa kanisani kwao. Nikampa shikamoo yake, nikamvutia kiti, tukaanza. Ukurasa wa kwanza ulipojaa, ubeti ukakatika na mstari mmoja ukabaki peke yake juu ya ukurasa wa pili. Nikafungua mpangilio wa aya ili niurudishe kwa wenzake.

"Hebu ngoja," mwalimu akasema, akavaa miwani. "Hapo pameandikwa nini?"

Pameandikwa: Udhibiti wa wajane na yatima.

Mimi nilishazoea. Nikamweleza kwamba wachapaji wa zamani wa Ulaya waliuita mstari ulioachwa peke yake mjane au yatima, na aliyetafsiri akafuata hivyo hivyo.

"Mimi ni mjane," akasema. "Na watoto wa marehemu dada yangu nimewalea mwenyewe. Anayetaka kutudhibiti ni nani?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Ni mistari tu."

"Mwenye programu yuko wapi? Nimwandikie."

Hapo nilipata kazi kueleza kwamba haina mwenyewe. Nikamwambia ni ya jumuiya ya watu waliosambaa duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, na neno likikukera unaingia kwenye tovuti yao ya tafsiri unapendekeza jingine. Nilidhani atachoka.

"Basi ingia," akasema.

Tukapendekeza: Kuzuia mistari iliyobaki peke yake juu au chini ya ukurasa. Haikupita wiki, mtafsiri mmoja wa Mombasa akajibu kwa adabu kuwa maneno ni mengi, hayaenei kwenye kisanduku. Yeye alipendelea "mistari mikiwa". Mwalimu aliposoma alicheka mpaka akavua miwani.

"Mkiwa si yatima yule yule? Amembadilisha nguo tu!"

Wakabishana kwa maandishi, mimi ndiye mchapaji wake, hadi tukaalikwa kwenye mkutano wa jumuiya wa kila mwezi, unaofanyika kwa video.

Siku hiyo mwalimu alikuja na kitenge ambacho sijawahi kumwona nacho. Nikamwomba jirani azime mashine kidogo. Akazima, kisha akaja naye kutazama, mikono ina mafuta. Kwenye skrini zikatokea sura za watu, mmoja theluji inaonekana dirishani kwake, mwingine paka anapita mbele ya kamera. Walizungumza Kiingereza, habari za toleo jipya na hitilafu za majedwali, nami nikawa namnong'oneza mwalimu. Ilipofika zamu yetu, yule wa Mombasa akaacha Kiingereza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Wakasalimiana mpaka wakaridhika. Wale wengine walisubiri kwa heshima, nadhani wakiamini mjadala umeshaanza.

"Mwanangu," mwalimu akasema, "hao wachapaji wa zamani sina ugomvi nao. Ila mimi nilipofiwa na mume wangu, watu walikuja kubeba vitu vyangu wakisema ni utaratibu. Nikiona neno mjane karibu na neno kudhibiti, siwezi kuona mistari."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Jirani yangu akainamisha kichwa.

"Je, tukisema 'Zuia mistari mipweke'?" yule wa Mombasa akauliza.

Mwalimu akalitamka polepole. "Mipweke. Ndiyo. Umenishinda, ni zuri kuliko langu."

Jarida la habari la jumuiya lilipotoka, chini ya maelezo ya toleo jipya kulikuwa na sentensi fupi ya kuishukuru timu ya Kiswahili kwa kurekebisha maneno. Nikamchapia mwalimu nakala. Akaipeleka Misigiri, akawasomea wenzake baada ya mazoezi ya kwaya, akitafsiri na kuongeza chumvi yake.

Mmoja wa akina mama hao alipofika dukani kutoa kopi, aliniuliza kama ni kweli tulikwenda Ulaya kwenye mkutano, na kama kulikuwa na baridi. Nikamwambia tulikaa humu humu, kwenye hilo benchi alilokalia. Akaliangalia benchi, akajisogeza kidogo, akakaa vizuri.