Mume Wangu Hawezi Kumwambia Mwombaji "Samehe"

(Jina la dada huyu tumelihifadhi. Someni mpaka mwisho ndipo mseme.)

Habari zenu nyote wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, nimesoma mpaka kidato cha nne, naishi Tanga mjini na nina miezi mitano tu ndani ya ndoa. Mume wangu nampenda mpaka naona haya kuandika. Akiingia uani na jasho lake, nasahau nilikuwa nalia nini. Nikipika ananikunia nazi, nikiumwa kichwa ananikanda, na mbele ya wenzake ananiita "mwari wangu" bila kujali wanavyomcheka. Jamani, sijaja kumsema vibaya. Nimekuja kwa sababu naona nampoteza na sijui nishike wapi.

Alikuwa akinunua nazi ng'ambo ya Pangani, anazivusha kwa kivuko na kuja kuziuza sokoni huku mjini. Kasoro yake ni moja: mtu akimwomba pesa, hawezi kumkatalia. Hapa kwetu Ijumaa waombaji hupita mlango kwa mlango, na kama huna unasema "samehe", mtu anaelewa na kwenda zake, hakuna ugomvi. Mume wangu neno hilo halimtoki. Alianza kutoa ya mboga, akatoa ya kodi, mwisho akatoa ya kununulia mzigo. Habari zikaenea, wakawa wanakuja hata Jumatatu. Jirani yangu mmoja mwenye mdomo akaniambia, "Bibi harusi, wekeni kibao hapo nje! Wageni wenu wanapotea, wanagonga kwangu." Nikacheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia.

Nimejaribu, msidhani nimekaa tu. Siku moja alikuja mama mmoja, nikamwahi mlangoni. "Mwenyewe hayupo," nikasema. Kumbe kanisikia. Akatoka amejifunga msuli tu kiunoni, kifua wazi, anamkimbilia yule mama kichochoroni, "Mama, rudi! Nipo!" Mtaa mzima ulitoka kutazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa mtaji umekwisha. Hanunui tena nazi, anashinda sokoni akifua nazi za wenzake, kuzitoa makumbi, watu wale wale aliokuwa akishindana nao bei, na viganja vyake vimejaa malengelenge. Navipaka mafuta huku moyo unaniuma.

Kilichonimaliza ni safari ya Moa, nilipokwenda kumtazama shangazi yangu. Penye baraza ya kahawa nikamwona mzee aliyewahi kuja kwetu akilia kwamba mkewe kalazwa na hawana pesa ya dawa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Mama yupi?"

"Mkeo, aliyelazwa."

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mwanangu umenifananisha! Mke wangu tuliachana zamani, kaolewa Horohoro huko, ana afya kuliko mimi." Hata hakunikumbuka.

Nilirudi mbio nikimshukuru Mungu, nikajua nimepata dawa. Nikamwambia mume wangu yote. Akanisikiliza, akanishika mkono, akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba wengine ni waongo. Najua siku zote."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Alipokuwa mwanafunzi alimleta mama yake mjini kutoka kijijini, mgonjwa sana, pesa zikawaishia stendi. Akazunguka kuomba. Kila mtu alimwambia samehe. Mmoja akamwambia, "Wewe si ndiye uliyesema jana ni baba yako anayeumwa?" Hakuwa yeye. Aliporudi kwenye benchi alikomlaza mama yake, mama alikuwa ameshakata roho. "Mke wangu," akaniambia, "nikianza kuchagua nani muongo, nitakuwa yule mtu." Nilimkumbatia tukalia wote wawili.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alitutaka tuhame. Baba yangu akapata habari, akaja kutoka Muheza. Mume wangu akamwamkia kwa adabu zote, baba hakuitikia. Akasema, "Mimi sikumwozesha binti yangu aje kukaa mlangoni pa msikiti na bakuli. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua." Nikamtazama mume wangu, nangoja anipiganie, aseme hata neno moja. Akasema, "Baba, ni haki yako." Jamani, niliumia kuliko siku zote. Baba alipokuwa akitoka akanifumbatisha noti kiganjani, akaninong'oneza, "Za kula wewe. Asijue huyo."

Hata hajafika mwisho wa mtaa, tukasikia hodi. Mwanamke ana mtoto mgongoni, anasema kaibiwa, anataka nauli ya kurudi kwao. Mume wangu akatia mkono mfukoni, hamna kitu. Akajaribu mfuko mwingine. Akabaki amesimama, kama bado yuko stendi ile. Sikuweza kumwona vile. Nikafungua kiganja nikampa yule mwanamke zote. Wallahi, hata sikumwamini.

Mume wangu akanibusu mkono mbele ya mgeni. Na mimi, badala ya kujuta, nilijisikia kama siku ya harusi yangu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mwisho wa mwezi umekaribia. Nikibaki, hatuna pa kulala. Nikiondoka, namwacha mtu ambaye hakuna mwingine wa kumpaka mafuta viganjani. Msiniambie nizungumze naye, nimezungumza. Msiniambie nifiche pesa, mmeona nilivyoficha. Niambieni tu ninyi wenye ndoa: baba akija, nimjibu nini? Nitasoma yote, hata ya kunitukana. Yeye msimtukane.