Mwalimu wa Haki Kiwandani Kwetu

Kila vuli mwalimu wa haki za binadamu huja kwenye kiwanda chetu cha kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, hapa Gochang, Korea, mikono laini kama tofu, akatugawia taulo ndogo zilizochapwa "Heshimu Utu". Huongea kama anayembembeleza mtoto, na kila baada ya sentensi mbili huchungulia saa. Mwaka huu alipouliza kama kuna swali, Tikaram, Mnepali wa idara ya kabichi, akasimama.

"Mwalimu, bosi amefungia pasipoti yangu kabatini. Mama ni mahututi, nataka kwenda kumwona."

Mwalimu akafuta miwani iliyokuwa safi tayari. "Swali zuri sana!" Akaliandika ubaoni kwa mwandiko wa kuvutia, akalipigia mstari. "Haya, sasa picha ya ripoti."

Shangazi wa jikoni, kama sote tumwitavyo, akavua glavu zake zilizojaa pilipili. "Wewe piga picha, mwalimu. Tika, mwanangu, twende ofisini. Na nyie mnaokodoa macho, miguu mmeiazimisha?"

Tukainuka wote thelathini. Bosi alipotuona mlangoni, ufunguo ulipatikana upesi ajabu. Kwenye picha ya mwaka huu mwalimu yuko peke yake mbele ya viti vitupu, amekunja ngumi kishujaa.